Siku Niliyojibu "Ejok"

Mjukuu wangu Ekai,

Ejok, hujambo? Huku Lodwar tu wazima. Mvua imenyesha, na mbuzi wa babu yako amezaa mapacha. Unauliza kama umfuate yule mhubiri wa miujiza.

Nikiwa msichana niliugua macho hata nisione njia. Nikashikwa mkono mpaka mkutano wa maombi Kakuma. Mhubiri, mtu wa mbali, alinigusa macho akauliza, "Ejok?" akimaanisha, je, ni vizuri sasa? Nami, kama Mturkana yeyote aliyefunzwa adabu, nikaitikia salamu: "Ejok." Umati ukalipuka: "Ameona! Ameona!" Nikaona haya kuwakatiza.

Walipotawanyika wakiimba, nilibaki nikipapasa. Mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini akanichukua kwake. Kila asubuhi aliniosha macho kwa maji aliyopanga foleni kuyapata, akanipeleka kliniki, mpaka nikaona. Nilipomshukuru, alicheka: "Wengi wanampigia Yesu makofi. Mimi namchotea maji."

Nenda ukitaka, mjukuu wangu. Mungu hajaacha kuponya, nami sina shaka. Ila wakimaliza kuimba, usiondoke nao. Geuka kwanza, uangalie ni nani bado anapapasa.

Nyanya yako, anayekuombea kwa macho wazi.