Doa Lililokataa Kuhamia Kijijini

Mama,

Huku kwetu pamba imeingia ghalani, ng'ombe wana maji, na mimi mkwe wako Jumatatu iliyopita nilikuwa hospitali ya Musoma kwa ajili ya ukucha. Najua hapo umeshaweka chini unachofanya na kunigeukia. Usishtuke, yangu nitakueleza mwishoni. Nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima nikisubiri kuitwa, na katika kusubiri kote huko sikuwa na wa kumwaza ila wewe. Nimeona nikuandikie, maana wewe hukupenda kukumbukwa kimyakimya.

Nilikuja kwako bibi harusi kutoka Mwisenge, msichana wa mjini mwenye cheti cha darasa la saba na viganja laini. Ulinishika mikono, ukaigeuza huku na huku, ukamwambia mwanao Magesa kwamba umeletewa mwalimu badala ya mkwe. Mwaka huo ndio tuliohamia kijiji cha ujamaa. Uliacha nyumba yako ya mlimani, kule juu ya Bunda, ukateremka bondeni na jiwe la kusagia kichwani na jogoo kwapani, ukasimama kwenye kiwanja ulichopimiwa kwa hatua za miguu. Ulikitazama kiwanja kile kama mtu anayetazama nguo ya kuazima, kisha ukaomba jembe.

Lile neno lako la mwalimu likageuka kweli. Kijiji kilitaka watu wafundishwe kusoma, wenye darasa la saba tulikuwa wachache, nikapewa kundi la kina mama. Tulisomea kwenye ghala la pamba alasiri, baada ya shamba la kijiji. Wanafunzi waliketi juu ya magunia, na wakitoka walikuwa weupe migongoni wote. Ubao ulikuwa mlango mmoja mkuukuu niliousugua kwa mkaa na majani.

Siku ya kwanza nilisimama na daftari la mahudhurio nikaanza kuita majina. Nilipofika kwenye lako nikaliruka. Nyumbani kwetu mkwe halitaji jina la mama mkwe wake, hata nyumba ikiungua, na mimi nililelewa vizuri. Ukanyoosha mkono kutoka kwenye gunia la nyuma.

"Mwalimu, mimi hujaniita."

Nikasema nimekuona, Mama. Ukasema kuonwa siyo kuitwa. Wanawake wakacheka, mimi nikatamani gunia linifunike. Ndipo ukatoa sheria yako mbele ya wote: "Nyumbani mimi ni mama. Humu ghalani wewe ni mwalimu. Ita jina."

Nikaliita. Ukajibu "Nipo" kwa nguvu mpaka panya wakahama juu ya dari. Tangu siku hiyo nikawa na watu wawili katika mtu mmoja. Asubuhi ulinigombeza kwa ugali wenye mabujabuja, alasiri ukaniomba ruhusa ya kwenda kujisaidia.

Kilichokuleta ghalani, uliniambia mwenyewe, ni kile kibati cha wino. Karani wa kijiji alikuwa nacho kila mahali. Ukimaliza zamu ya shamba la pamoja, dole. Ukihudhuria mkutano, dole. Ukipeleka pamba, dole. Ulichoka kuchovya kidole kama mtoto anayeonja uji. Ulipoweza kuandika jina lako kwa mara ya kwanza, ilikuwa karibu na kupanda pamba, uliapa kwamba dole lako halitagusa kibati tena. Kesho yake foleni nzima ilikusubiri jua kali likiwaka, karani akihema, wewe ukiandika herufi moja moja, ulimi nje. Mtu mmoja nyuma akanung'unika. Ukamjibu bila kuinua kichwa kwamba na yeye mlango wa ghala uko wazi.

Nami ndiye niliyekushika mkono siku hizo kukuongoza kalamu. Kwa hiyo ndiye niliyeuona mstari ule kabla ya wengine. Ulikuwa kwenye ukucha wa dole gumba la kulia, mweusi, umeteremka kutoka kwenye ngozi mpaka nchani, mwembamba kama uzi wa kushonea gunia. Nikajua ni wino. Wewe pia ulijua ni wino, na kijiji kizima kilijua hivyo, kwa sababu nani kati yetu hakuwa na wino kwenye dole? Uliusugua kwa majivu, ukausugua kwa limau na kwa gunzi la mahindi. Mstari ulipogoma kutoka, ulisema wino wa karani umekukasirikia kwa kuuacha, nasi tukacheka.

Wiki hiyohiyo ulipokuwa unapigilia kigingi cha ndama, jiwe likaponyoka likakuponda dole gumba la kushoto. Damu ikavilia chini ya ukucha, doa jeusi kama punje ya mtama. Hukulia. Ulilitukana jiwe kwa lugha ya nyumbani kwenu mpaka ndama akarudi nyuma.

Basi tukapanda, tukapalilia, mvua ikaja ikaondoka. Kufikia wakati wa kuchuma, uzi ule wa kulia ulikuwa umekuwa utepe. Halafu siku moja nikaona weusi umetoka kwenye ukucha na kuingia kwenye ngozi ya pembeni. Hapo roho yangu haikutulia tena. Wino niliufahamu, na sikuwahi kuona wino unaokua.

Nilimwambia Magesa. Akasema mama hasikiagi mtu, nijaribu mimi. Jirani yetu Bibi Wakuru alinionyesha vidole vyake, karibu vyote vina mistari ya kahawia, akaniambia watu weusi tuna kucha za hivyo na yeye anayo yake tangu ujana, mbona yuko hai. Hakusema uongo, nami nikanyamaza kwa majuma mawili zaidi. Hayo majuma mawili nimejilaumu kwayo maisha yangu yote, ingawa wewe hukunilaumu hata siku moja.

Jioni moja jikoni nilijikaza nikakuambia uende ukaonwe zahanati. Ulinitazama kwa jicho la mama mkwe. Ukasema mtihani wa kisomo unakuja, na kwamba unajua wanachofanya madaktari wakiona kidole kibaya. Kisha ukasema lile neno ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachofanya.

"Kidole hiki miaka yote kilikuwaga cha kuchovya tu. Saa hii kimejua kazi, nikipeleke wakikate?"

Bibi harusi wa msimu mmoja hamwamrishi mama mkwe wake, tena jikoni kwake. Nilisonga ugali, nao ukatoka na mabujabuja, na usiku huo hukunigombeza.

Lakini kesho yake alasiri tulikuwa ghalani, na ghalani sheria ilikuwa nyingine, tena uliiweka wewe. Wenzako walipoondoka nikakuomba ubaki. Ukaanza kusimama ili twende nyumbani, nikakuambia darasa halijaisha. Ukakaa. Nikakuambia weka mikono yote miwili juu ya gunia, unieleze habari za madole yako, moja moja, tangu tulipopanda.

Ulianza na la kushoto. Ukasema jiwe lilipiga hapa chini, doa likapanda pole pole kadiri ukucha unavyoota, likafika katikati wakati wa palizi, na juzi umelikata kwa wembe likaanguka. Nikauliza, na la kulia? Ukasema huo ni wino. Nikauliza mara ya mwisho ulichovya lini. Tangu kupanda hukuwa umegusa kibati. Ukucha mzima ulikuwa umeota upya.

Nilikupa chaki nikakuambia andika ulichokiona. Hukuwa umewahi kuandika sentensi ambayo haikutoka kwangu au kitabuni. Ulisimama mbele ya ule mlango kwa muda mrefu sana, chaki ikikwaruza, ukaandika: *Doa halijahama.* Ukarudi nyuma hatua mbili, ukaisoma kwa sauti. Ukaisoma tena. Nikaona mabega yako yakishuka, nikajua umejisomea mwenyewe jambo ambalo hakuna mtu angeweza kukuambia.

Halafu ukacheka, wewe mwanamke wa ajabu. "Tumehama sote, mpaka jogoo. Hili tu ndilo limekataa kuhamia kijijini." Ukaipangusa chaki kwenye khanga. "Haya, mwalimu. Twende likahamishwe."

Tabibu wa zahanati aliutazama ukucha kwenye mwanga wa dirisha na hakutuchelewesha. Aliandika barua ya kwenda Musoma. Tulipanda lori la pamba kutoka Bunda, tukapita njia panda ya Butiama, na njia nzima ulishika bahasha ile ukisoma jina lako juu yake, wewe mwenyewe, kwa kidole cha shahada. Huko daktari alikata kipande kidogo kikapelekwa kupimwa Mwanza. Tulirudi nyumbani, tukasubiri, tukaitwa tena. Alitueleza bila kuzunguka. Mistari ya Bibi Wakuru ni ya rangi tu, iko kwenye vidole vingi na imekaa vilevile. Wako ni mmoja, umepanuka, umevuka mpaka kwenye ngozi. Ni kansa, na bado haijasafiri. Sehemu ya juu ya dole ikiondolewa sasa, una matumaini makubwa ya kupona. Ikiachwa, hana la kukuahidi.

Ulimuuliza swali moja tu, kama watu wanaweza kuandika bila dole gumba. Akasema hajui, hakuna aliyewahi kumuuliza. Ukamwambia basi atakuwa wa kwanza kujua.

Muuguzi akaja na karatasi ya ridhaa. Akaniuliza mimi jina la mgonjwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana nimesoma. Nikakwama. Tulikuwa mbali na ghala na wewe ulikuwa mama yangu, siyo mwanafunzi wangu, na jina lako halikuwa la kutajwa na mkwe. Muuguzi akafikiri sijui Kiswahili. Akatoa kibati cha wino, kama kile cha karani, akakisukuma mbele yako na kukuonyesha pa kuweka dole.

Ulikirudisha kwake kwa ncha ya kidole, kwa heshima, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Mimi dole niliachaga. Niletee kalamu."

Na ukaandika. Uliibana kalamu kwa dole lilelile lililokuwa linakwenda kukatwa, ulimi nje, na wagonjwa wote wa benchi lile wakakutazama. Ulifika herufi ya mwisho, ukaweka nukta ambayo haikutakiwa, ukalipuliza jina lako likauke. Nililia mbele za watu, Mama, na sikuwa na huzuni hata kidogo. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia wewe dakika ile, siyo mume wangu, siyo wanangu niliokuja kuwazaa.

Ulirudi kijijini na kitambaa kinene mkononi. Kidonda kilipopona ulianza kubana kalamu kati ya kidole cha shahada na cha kati, kama wazee wanavyoshika sigara, ukaharibu daftari zima, ukaanza la pili. Mtihani wa kisomo ulikukuta tayari. Ulifaulu, na cheti ulikitundika pale ambapo kila anayeingia lazima akione, juu ya mtungi wa maji. Uliishi ukazeeka. Ulichuma pamba misimu mingi baada ya hapo, ukawasomea barua wajane wa kijiji kizima, na mtoto yeyote aliyekuja na ukucha wenye weusi ulimuuliza jambo lilelile: limehama au halijahama?

Sasa habari yangu. Jumamosi kitukuu wako, yule mwenye jina lako, alikuwa ananiosha miguu akaona weusi kwenye ukucha wa dole kubwa. Binti huyu tangu azaliwe namwita "Mama" tu, maana jina lake siwezi kulitamka nyumbani, unajua. Akaniambia, Bibi, tuangalie kama litahama. Nikamwambia daktari ataangalia. Wewe ulichukua msimu mzima kuamua, mimi nimechukua Jumapili moja, na hiyo Jumapili ilikuwa ya kusali tu. Tofauti hiyo ni zawadi yako kwangu. Daktari ameutazama vizuri, amesema ni damu iliyovilia, viatu vinanibana. Itahama yenyewe, kasema, na isipohama nirudi. Nilicheka peke yangu, naye akafikiri nimefurahia majibu.

Nilipokuwa natoka, karani wa mapokezi aliniomba jina la mtu wangu wa karibu. Kitukuu wako alikuwa ameenda kutafuta maji. Nikashika meza, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii, nje ya ghala, bila daftari la mahudhurio, nikalisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: Nyangeta.

Nyuma yangu kwenye korido, na chupa ya maji mkononi, akaitikia: "Nipo."

Lala salama, Mama. Pamba ya mwaka huu ni nyeupe sana.

Ni mimi mkwe wako,
na mwalimu wako, saa za darasani tu.