Ndizi Zilizofunuliwa Mapema

Mjukuu wangu Koku,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Ihanda hatujambo, kahawa imechanua na mbuzi wako amezaa mapacha.

Unasema wenzako huko Dodoma wanakucheka ukisema Kiingereza, na sasa umeamua kunyamaza. Umeniuliza kama mimi niliwahi kuona aibu.

Nikiwa na umri wako, mwalimu alitufundisha maneno yanayoanza na "un-": "untie", kufungua, "uncover", kufunua. Alisema hutamkwa "an". Nilitembea nayo mdomoni kama pipi. Nyumbani mama alikuwa amevundika ndizi shimoni, amezifunika kwa majani na udongo ziive kwa joto, za kukamulia juisi ya harusi ya dada yangu. Kila nikipita nilifukua udongo, nikainua majani, nikasema "ankava", na mvuke mtamu ukanifunika uso, nikawa kama niliye usingizini.

Siku ya kukamua, ndizi zilikuwa bado mbichi. Joto lote la shimo nilikuwa nimeliachia mimi kwa kufunuafunua. Nilitamani ardhi inimeze. Majirani wakatuletea juisi yao, na mama akazifukia tena zile zetu.

"Hazina ubaya," akaniambia. "Umeziangalia mapema tu."

Baada ya siku tatu zilikuwa za njano, laini, na nyumba nzima ilinukia.

Hao wanaokucheka nao wamekuangalia mapema. Wewe sema tu, mama. Kusema ndiko joto lenyewe.

Jana nimevundika mkungu mmoja. Sitaugusa. Ukija likizo wiki ijayo utaufunua wewe, na neno lake ulitamke kwa sauti, nikusikie.

Bibi yako