Ngazi ya Petro

Mwalimu Elia,

Shikamoo. Ona sasa, mkono umeandika wenyewe, kana kwamba utaitika. Leo siku ya tisa tangu tukuzike, na bado asubuhi nakaa nje ya karakana nikingoja uje na funguo. Funguo ninazo mimi! Jamani, si ulikuwa unacheka? Uliweka mguu kwenye kipago cha nne cha ngazi, ukawageukia vijana: "Mkeo akianguka hapa, mkweo hatakuuliza ulipata alama ngapi." Wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu uko chini, shingo imelala vibaya kwenye ukingo wa saruji, na darasa zima bado meno nje. Sielewi. Mpaka leo sielewi.

Nilikuwa mwanafunzi wako kabla ya kuwa msaidizi wako, desturi yako naijua: kazi ya mwanafunzi hujaribiwa kwanza na mwalimu. Kigoda unakikalia, jembe unalilimia. Shule nyingine wananakili michoro ya Kizungu, wote kutoka rafu moja ya vitabu. Wewe uliwatuma vijana likizo wakawaulize mama zao nini kinawachosha. Petro wa kidato cha pili akarudi kutoka Kondoa na jibu: mama yake hupanda juu ya paa bapa la tembe kuanika mtama kwa gogo lililokatwa vidato, na goti limekwisha. Akabuni ngazi ya kukunja. "Usiniambie ni nzuri," ulimwambia, "niambie nani ataipanda." Alichora mara sita akafuta. Mara ya saba ukampa mkono.

Sasa Mkuu wa shule ameandika kwamba Petro alifunga maungio kizembe. Amefukuzwa. Aliondoka na lori la mahindi pale sokoni Majengo, hakumuaga mtu.

Mwalimu, si Petro. Ni mimi.

Siku tatu kabla hujaanguka, nikiihamisha ile ngazi, niliidondosha. Kijiti cha mninga kilichoshika maungio kikapasuka. Ningekuambia, lakini asubuhi ileile ulikuwa umenigombeza mbele ya vijana, nikaona haya. Nikakata kijiti kwenye mti mbichi nyuma ya jiko, nikakipaka mafuta kifanane na cha kwanza. Mimi, ninayewaambia kila siku kwamba mti mbichi ukikauka hunywea na kulegea! Na upepo huu wa Dodoma unavyokausha, siku tatu ni nyingi mno. Siku ile nilikikuta sakafuni, kimechomoka kizima kama jino la mtoto.

Juzi nilikwenda kwa Mkuu nikamwambia yote. Alinisikiliza, akafunika kalamu yake. "Yohana, barua imekwisha kwenda. Nimepoteza mwalimu mmoja, sitaki kupoteza wa pili." Akanipa darasa lako. Unaona balaa hilo? Nimeua, nikapandishwa cheo.

Na mkeo, Mama Neema, kila jioni ananiwekea ugali na mlenda. "Kula, mwanangu, najua ulivyompenda." Leo asubuhi nilipiga magoti jikoni kwake nikamwambia, kijiti, mafuta, yote. Hakulia. Alinitazama mpaka nikatamani anipige. Kisha akanyanyuka, akajifunga kanga, akasema, "Lori la Kondoa linaondoka saa ngapi? Yule mama yake Petro hawezi kukaa kijijini akiitwa mama wa muuaji wa mume wangu. Nitamwambia mwenyewe."

Tunaondoka kesho. Hajaniambia kama amenisamehe, na sijathubutu kumuuliza.

Kwaheri, Mwalimu wangu, baba yangu katika kazi. Pumzika. Nakuahidi hili: nitasimama mbele ya baba yake Petro na majirani zake, nitaje jina langu, kisha nirudi na kijana hadi mlangoni kwa Mkuu. Mmoja wetu lazima atoke shule ile, na safari hii atatoka mwenye kosa.

Mimi mwanafunzi wako,
Yohana