Migawanyo Sita

Jumatatu, 10 Februari 2025

Wizi! Niliwapa wanafunzi 524287 – mbili kwa kipeo cha 19, toa moja. Waonyeshe kuwa hakuna namba inayoigawanya zaidi ya moja na yenyewe, kwamba ni tasa. Kwa njia niliyofundisha ni migawanyo 128, kwa kila namba tasa kuanzia 2 hadi 719. Darasa zima liko ukurasa wa tatu, jasho linawatoka, Tahira analeta nusu ukurasa. Migawanyo sita! Chini kaandika: ni tasa. Nikamuuliza namba nyingine ziko wapi. Eti haziwezi kuingia, Mwalimu. Nani kamwambia? Simu kaificha mahali. Alianza kueleza, nikamkatiza. Sifuri.

Jumanne, 11 Februari

Ripoti nimepeleka kwa mkuu wa shule. Tahira katolewa kwenye mashindano ya hesabu, Jumamosi Bujumbura. Mshindi anasomeshwa hadi chuo kikuu, na sisi tuna nafasi moja tu. Anayefuata kwa alama ni Kezia – binti yangu. Venanti wa fizikia kanipongeza kwa tabasamu nisilolipenda. Tangu nirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania wananiita Mtanzania. Leo nadhani nimepata jina la pili, la baba anayembeba bintiye. Na waseme! Mwizi ni mwizi.

Jumatano, 12 Februari

Mama yake Tahira, Aziza, kaja nyumbani na fungu la ndagala, dagaa wa ziwani. Rushwa! Nimekataa. Hata hakukasirika.

"Mwalimu, telefone iko moja mu nyumba, na inashinda na mimi sokoni. Mutoto anasema hukumuacha amalize kusema. Basi ameandika."

Akaacha karatasi mezani, akabeba ndagala zake. Sijaisoma. Mitego ya namna hii naijua.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeisoma. Mistari minne. Mbili kwa kipeo cha 11, toa moja, ni 2047, na hiyo ni 23 mara 89. Toa moja kwa kila moja: 22 na 88. Zote zinagawanyika kwa 22, yaani 11 mara mbili. Basi kwa 19 tujaribu zile tu ambazo ukitoa moja zinagawanyika kwa 38, yaani 19 mara mbili. Namba tasa za hivyo, hadi 719, ziko sita.

Upuuzi! Mfano mmoja si uthibitisho. Nikachukua kipeo cha 23 nimkomeshe: 8388607. Ishirini na tatu mara mbili, ongeza moja, 47. Nikagawanya. Imeingia! Bila baki. Nikagawanya tena kwa kalamu nyingine, kana kwamba kalamu ndiyo yenye kosa.

Ijumaa, 14 Februari

Migawanyo yote 128 nimeimaliza, mlango wa chumba cha walimu nimeufunga. Hakuna inayoingia. Hakuiba. Kaona kwa macho yake kitu ambacho mimi, miaka ishirini na chaki mkononi, sikukiona. Nina aibu. Nilifika hadi mlangoni kwa mkuu wa shule. Ndani nikamsikia Venanti anacheka. Nikarudi. Jamani, mimi!

Jumamosi, 15 Februari, asubuhi

Gari linaondoka saa mbili. Kezia kasuka upya, sare kainyoosha mwenyewe. Karatasi ya Tahira iko mfukoni mwangu. Kezia anakunywa chai. Ameniuliza: Baba, kwenye kazi ya Tahira, kosa lilikuwa wapi hasa? Nisije nikalirudia.

Nimemwambia anywe chai, inapoa. Saa moja na nusu sasa. Kikombe kakiweka chini. Bado ananitazama –