Karatasi za Unyayo wa Mjusi

3 Machi

Mama mpenzi,

Sasa hivi mwanangu Chiriku kabandika kiatu chake ukutani na anakipigia makofi kwa kuwa hakianguki. Kipande cha kukibandikia nilikitoa kazini, kilikuwa cha kutupwa. Shikamoo mama. Miguu yako imeacha kuvimba? Sisi wazima.

Uliuliza tunatengeneza nini. Ni karatasi za mpira zenye vinyweleo ambavyo jicho halivioni, kama vya unyayo wa mjusi wa ukutani. Gundi hazina, ila zinanata. Tunazibandua kwenye kalibu zinamofinyangwa, halafu kalibu tunaziosha kwa dawa kali. Glavu zinang'ang'ania vinyweleo na kuving'oa, kwa hiyo tunafanya kwa mikono mitupu. Msimamizi anasema hakuna mwenye vidole vyepesi kama vyangu. Asubuhi vinakufa ganzi kidogo, vitazoea tu.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu inanibeba. Ganzi ya kila asubuhi si kitu cha kuzoea. Acha hiyo dawa, au niletee mjukuu wangu mpaka upate kazi nyingine. Na usiniambie mimi mwoga, hilo nalijua.

Mama yako

28 Machi

Mama,

Shikamoo. Uvimbe usirudi tena. Chiriku simtoi, nitarudi nyumbani kwa nani? Msimamizi kaahidi kunihamishia kufungasha. Nivumilie kidogo.

Binti yako

9 Juni

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Natumaini wewe mzima, huku si kwema. Jumapili nilimtia Chiriku kwenye beseni. Maji niliyapima kwa mkono kama siku zote, nikaona vuguvugu. Alipolia nilidhani ni sabuni, nikamwambia atulie. Ameungua kuanzia kiunoni kushuka.

Daktari kasema atapona, makovu yatabaki. Kisha akaniambia nifumbe macho anichome vidole kwa sindano, nimtajie kipi. Nikangoja, nikangoja, nikamwomba aanze. Akasema, "Nimeshamaliza vyote kumi, mama."

Msimamizi naye kasema kule kufungasha wanataka wenye vidole vinavyohisi. Nimeacha kazi. Daktari hajasema vidole havitarudi kuhisi, mama, hilo hajalisema. Njoo umchukue Chiriku. Vikirudi nitamfuata siku hiyohiyo.

Muuguzi ananiita nimshikilie Chiriku, wanabadilisha bandeji. Akiniulizia huko usimwambie nimemtoa, mwambie—