Polepole Kuliko Ukucha

Mtunda, Kibiti

Mdogo wangu Ismaily, huko Maskati,

Assalaam aleikum. Simu hupokei, ndiyo maana naandika. Mpunga mwaka huu umekubali, na paa la mama tumeliezeka upya.

Mwanangu Muzdalifa alimsomea bibi yake kitabu cha shule: zamani Uarabuni na Afrika zilikuwa nchi kavu moja, zikapasuka, na hadi leo zinaachana, polepole kuliko ukucha unavyoota. Mama akafurahi. "Polepole hivyo? Basi mwanangu atawahi."

Hukuwahi, Ismaily. Tumemzika Ijumaa. Makaburini kila mtoto wake wa kiume alitakiwa kutia udongo kwa mkono wake. Nilipomaliza wangu, watu wakangoja mtoto wa pili. Nikainama tena, nikatia na wako.

Kaka yako,
Mfaume