Injini ya Babu Niliyoiweka kwenye Majivu

Lufingo,
S.L.P. 96,
Tukuyu.
Jumatano, 21 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba Ambindwile,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Lightness ni wazima, na joto la Mpanda halijawakausha kama dagaa. Goti lako je? Huku baridi inang'ata, ukiongea mvuke unatoka mdomoni, na unavyonijua, basi mimi nafuka kutwa nzima.

Usicheke kuona barua. Simu yangu imebaki spika ya nje tu, na bibi tangu macho yafunge, masikio ndiyo yamechukua kazi yote. Haya hatakiwi kuyasikia.

Pikipiki ya marehemu babu uliyonipa niifufue imependeza, Mjomba. Kidato cha pili nilikiacha njiani, lakini fundi kama mimi Rungwe nzima yuko mmoja, naye ndiye anakuandikia. Tangi nimelipaka jekundu lililoiva. Siti ameishona Wilson fundi viatu, ngozi ya ng'ombe kabisa. Taa ya duara nimeing'oa kwenye trekta bovu. Bodaboda wanapita kuchungulia wakijifanya wanaomba maji.

Ila injini nimeiua.

Mwezi wa nne niliifungua yote, nikawa nasubiri ringi za pistoni. Mvua ya huku unaijua, hata sufuria ya ndani inaota kutu. Bibi akasema, "Weka kwenye majivu. Maharage yangu yanakaa humo mwaka mzima hayabunguliwi, sembuse chuma chako?" Akanichotea mwenyewe jikoni kwa kupapasa, ndoo tatu. Nikajaza gunia, nikalisimamisha upenuni, nikajipongeza. Kumbe bati la pale limetoboka. Maji yameshuka mle wiki tano.

Nafungua, gia zinang'aa. Lakini bodi ya injini, kabureta na pistoni, vyote vya aluminiamu, vimeliwa matundu kama kabichi yenye viwavi. Nikampelekea mzee Alinanuswe, fundi wa zamani pale mjini. Akaimega kwa kidole gumba. "Kijana, majivu yakilowa ni magadi. Bibi yako analainishia maharage, wewe umelainisha injini." Gereji nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaenda kulia nyuma ya soko. Usimwambie mtu.

Bodi kama ile haipatikani tena, nimetafuta mpaka Mbeya. Injini ya Kichina ningeifunga hata kesho, lakini bibi haioni pikipiki, anaisikia. Anangoja mlio uleule umpeleke Masoko alikozaliwa, kama babu alivyokuwa akimpeleka. Na pale zahanati wamesema moyo wake umechoka. Nikimwambia ukweli, atajua yaliyoiua ni majivu yake. Kila asubuhi anauliza, nami najibu bado breki. Breki gani miezi mitatu, Mjomba?

Jumapili tumetoka kanisani, akataka nimpandishe. Nikamweka kwenye siti, nikakaa mbele, akanishika kiuno. "Haya, Ackson, washa."

Nikashika breki, nikaiachia, nikaishika tena. Ndipo akasema taratibu, "Basi, nishushe, mume wangu. Leo kuna mvua."

Jua lilikuwa linawaka, Mjomba.

Tangu siku hiyo hajauliza tena, na afadhali angekuwa anauliza. Uliniamini ukanikabidhi kitu cha baba yako, nimekiharibu. Nitukane utakavyo, nimestahili. Ila njoo. Mama yako ananiongopea ili nisiumie, nami namwongopea ili asiumie, na humu ndani tumebaki wawili tu.

Nisalimie Mama Lightness, Lightness mwenyewe na Godwin, mwambie kwa mpira bado namfunga hata nikiwa na kandambili. Bibi anashukuru sana, anasema ndaga fijo kwa kitenge mlichomtumia, kimemfaa kwa baridi hii.

Mungu awafunike huko mliko, na awape usingizi ambao kwangu umehama.

Wako akupendaye, hata ukininyima salamu,
Ackson